Nyuma ya Kisiagi

Jumamosi saa nane, Kaptembwa,
chumba cha nyuma ya kisiagi cha Bwana Ondigo:
benchi mbili, gunia mlangoni badala ya pazia,
na sisi saba na madaftari ya kurasa tisini na sita,
yale yenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Tunapangusa unga kwanza
ndipo tuone mistari.

Mwalimu Kageha hakuanza na ushairi.
Aliuliza nani amekula, nani amekuja kwa miguu,
akakata mandazi manne vipande saba
bila mmoja wetu kunung'unika,
akasema, "Haya. Hiyo ndiyo mizani."

Nilimpelekea shairi langu la kwanza
nikiwa nimelivisha nguo za kuazima:
moyo mara tano, nyota, waridi, machozi ya damu.
Alilisoma polepole kama anayechambua mchele,
akachukua penseli
(kalamu nyekundu, alisema, ni ya mitihani)
akazungushia neno moja. Waridi.
"Hili umeliona wapi?"
Nikamwambia mama huyafunga Naivasha,
mashada kwa mashada, ya kwenda ng'ambo,
hurudi mwisho wa mwezi na plasta vidoleni,
na mikono hunuka dawa
hata akisonga ugali.

Akanitazama.
"Na yote haya uliyaficha wapi
ukaniletea machozi ya damu?"

Kisiagi kikinguruma hatukusikizana.
Tulijifunza kusoma midomo.
Moraa aliandika deni la duka la shangazi yake,
jina kwa jina, sukari robo, mafuta ya kupima,
mpaka likawa shairi na wadaiwa wakawa watu.
Zaituni aliandika barua kwa goti lake.
Tulicheka, kisha hatukucheka.

Jelagat hakusoma.
Miezi minne alikaa karibu na lile gunia,
daftari kifuani
kama aliyeachiwa mtoto wa watu.
Mwalimu hakumvuta mkono, hakumtaja.
Ila kila duru ikiisha alitazama dirisha
kwa muda wa pumzi moja,
ndipo akaendelea.
Sote tulijua pumzi ile ilikuwa ya nani.

Kisha siku moja stima ikapotea.
Kinu kikakohoa, kikalala.
Tukasikia vitu ambavyo kumbe vilikuwepo:
kuku, mama fulani akihesabu chenji,
unga ukiteremka peke yake kwenye bomba.
Na sauti nyembamba:
"Mimi nina kitu."

Alisoma habari za dada yake
aliyerudi nyumbani usiku na kiatu kimoja,
akapitia zizini kwanza, akiogopa mlango,
na ng'ombe wa mahari yake wakageuza vichwa
wakamtazama
kama wenyeji wanavyomtazama mgeni.
Hakuna aliyekohoa.
Hata Bwana Ondigo alisimama nje ya gunia
na kofia yake mkononi.

Akafika mstari wa mwisho,
na stima ikarudi.

Tuliona midomo tu. Maneno matano, labda sita.
Tuliosoma midomo mwaka mzima
hatukuambulia hata silabi.
Tukampigia kelele: rudia! rudia!
Alifunga daftari, akajipangusa unga kwenye nyusi,
na kwa mara ya kwanza
akachukua andazi lake bila kupewa.

Sasa Mwalimu yuko kwao Mbale, macho yamechoka,
na penseli ninayo mimi.
Wasichana wa sasa huandika kwenye simu,
lakini unga ni ule ule.
Nikiwasimulia, kila mmoja huniletea mstari wake:
dada alisema hivi, ng'ombe walifanya vile.
Mingine ni mizuri mno. Nimeiweka.
Na duru ikiisha natazama dirisha,
kwa sababu kuna mmoja karibu na gunia,
huwa kuna mmoja.

Jelagat anauza mbegu Londiani.
Juzi nilimpigia simu nikamuuliza tena.
Alicheka mpaka akaita mteja asubiri.
"Wewe! Kulikuwa na kelele.
Hata mimi sikujisikia."